Maji, Sabuni na Mgeni: Historia Fupi ya Vifaa vya Nyumba ya Wageni, kutoka Mwambao hadi Himbi

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu vitu vidogo: kipande cha sabuni, taulo, karatasi ya chooni, mshumaa, kiberiti na ndoo ya maji. Ni vitu ambavyo mwenye nyumba ya kupangisha kwa siku chache hutakiwa aviweke tayari kabla mgeni hajafungua mlango. Katika mtaa wa Himbi, ulio kando ya Ziwa Kivu katika komini ya Goma, maandalizi hayo yamekuwa sehemu ya riziki ya familia nyingi tangu miaka ya 1990.

Wazee wetu huuliza swali ambalo halipaswi kupuuzwa: mwenyeji ampaye mgeni sabuni, kisha akaitia bei yake katika kodi ya chumba, je, bado ni mwenyeji au amekwisha kuwa mchuuzi? Wengi hujibu kwamba fedha imeua ukarimu. Tunakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo haliafikiani na historia. Biashara na ukarimu vimekaa nyumba moja tangu zamani. Kilichovunja uhusiano wa mgeni na mwenyeji ni shuruti, na alama zake zimebaki katika nyumba zetu na katika maneno yetu.

2. Ushahidi wa maneno

Tuanze na lugha yenyewe. Neno mgeni hubeba maana mbili kwa pamoja: mtu aliyekuja kututembelea na mtu tusiyemjua. Mwenyeji naye, kwa asili ya neno, ni mwenye mji. Kwa hiyo uhusiano wao si wa mapenzi matupu. Ni uhusiano wa mtu mwenye mahali na mtu asiye na mahali, na vitu vidogo apewavyo mgeni ndivyo vinavyompatia mahali kwa muda.

Majina ya vitu hivyo yanaeleza njia vilikopitia. Sabuni ni neno lililotoka katika Kiarabu. Mswaki vilevile: asili yake ni miswak, lakini Waswahili wakalihesabu pamoja na miti, wakasema mswaki mmoja, miswaki miwili. Kiberiti, ambacho kwa Kiarabu ni jina la salfa, kiliingizwa katika ngeli ya ki- na vi- kana kwamba kilizaliwa humo. Taulo limetoka kwa Waingereza. Kwetu Goma, ambako shule na ofisi zilifuata Kifaransa, watu husema esuime kwa taulo, dra kwa shuka la kitandani, buji kwa mshumaa na bido kwa dumu la maji. Mtu akisikiliza orodha ya vifaa vya chumba cha wageni huko Himbi, atasikia ndani yake bandari, msafara na utawala wa Kibelgiji, kila kimoja kwa zamu yake.

3. Mwambao: mgeni na dalali wake

Ibn Battuta alipofika pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1331, alikuta utaratibu kamili wa kupokea wageni. Mogadishu, jahazi lilipotia nanga, vijana walikwenda kulilaki kwa mashua ndogo, kila mmoja akiwa na chombo cha chakula kilichofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara chakula kile na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alikaa katika nyumba ya mwenyeji huyo, naye mwenyeji akamuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka. Biashara iliyofanywa bila mwenyeji kuwapo haikukubaliwa. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa katika nyumba ya wanafunzi, akaletewa tambuu, popoo na maji ya waridi ya Dameski, na baadaye nguo za kuvaa.

Tukio hili linatufundisha mambo mawili. Kwanza, vitu vya usafi na starehe ya mwili vilikuwa sehemu ya heshima tangu karne ya 14. Pili, heshima hiyo haikuwa nje ya soko, kwani mwenyeji alikuwa dalali pia. Hakuna aliyeona aibu, kwa sababu kila upande ulijua haki yake.

Mombasa msafiri huyo aliona jambo dogo zaidi, ambalo kwetu lina uzito. Mlangoni pa misikiti palikuwa na kisima, na maji yakitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini. Aliyetaka kuingia aliosha miguu, kisha akaifuta kwa kipande cha mkeka mzito kilichowekwa mlangoni. Maji na kitu cha kujifutia: tayari tunayo ndoo na esuime ya Himbi.

4. Misafara: mgeni mwenye bunduki

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Kiswahili kilipenya hadi mashariki ya Kongo kupitia Tabora, Ujiji, Nyangwe na Kasongo. Msafara ulihitaji maji, kuni, chakula na mahali pa kulala, ukalipa kwa shanga na kwa nguo za merikani na kaniki. Njiani palikuwa pia na hongo, yaani malipo kwa mtawala wa nchi ili msafara upite. Kwa hiyo hata bara mgeni alilipa.

Lakini misafara hiyohiyo ilichukua pembe na watumwa. Mwenyeji aliyemtolea mgeni maji jioni hakuwa na hakika ya asubuhi. Tusiipambe historia hii. Sehemu ya woga uliomo katika neno mgeni, kwa maana ya mtu asiyejulikana, ilikolea katika miaka hiyo.

5. Ukoloni: ukarimu wa amri

Badiliko kubwa lilikuja na dola. Kando ya njia za Kongo ya Wabelgiji zilijengwa nyumba za mapumziko za maofisa, zilizoitwa gîte kwa Kifaransa. Wanavijiji waliokuwa jirani nazo walitakiwa kuzitunza, kuleta maji na kuni, na kutoa wapagazi. Ofisa aliyebebwa katika tipoyi alipofika, alikuta maji ya kuoga yakimngoja. Kwa macho ya msafiri hayo yalikuwa makaribisho mema. Kwa mwanamke aliyeyateka mtoni yalikuwa amri. Hapa ndipo mwenye mji aligeuzwa mtumishi katika mji wake.

Sabuni nayo ina historia kama hiyo. Mwaka 1911 William Lever, tajiri wa sabuni wa Uingereza, alipatana na serikali ya Ubelgiji na kuanzisha kampuni ya Huileries du Congo Belge ili kupata mafuta ya mawese. Wakata michikichi wengi walipelekwa kazini kwa nguvu, na hali hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za uasi wa Wapende mwaka 1931. Sabuni iliyoahidi usafi katika nyumba za Ulaya ilikuwa na jasho la shuruti ndani yake.

Huku Kivu, Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, iliundwa mwaka 1925, na utalii ukafuata. Goma, kituo kidogo kilichotazamana na Gisenyi, kilipata hoteli na nyumba za kando ya ziwa. Kiwanja cha mzungu kilikuwa na jumba mbele na boyeri nyuma, makao ya mtumishi aliyefua mashuka na kuchemsha maji. Mgeni aliliona taulo lililokunjwa, wala hakuuona mkono uliolikunja.

6. Goma: mji wa wageni

Baada ya Kivu kugawanywa mwaka 1988, Goma ikawa makao makuu ya Kivu ya Kaskazini. Julai 1994 zaidi ya wakimbizi laki tano kutoka Rwanda waliingia katika muda wa siku chache. Mwamba wa volkano haukuruhusu visima wala vyoo kuchimbwa kwa urahisi, watu wakanywa maji ya ziwa, na kipindupindu na kuhara damu vikaua makumi ya maelfu. Hapo maji safi na kipande cha sabuni vilikuwa mpaka kati ya uhai na kifo.

Pamoja na wakimbizi yalikuja mashirika, na mashirika yalihitaji nyumba. Majumba ya Himbi yakapangishwa kwa dola, mengine kwa miaka, mengine kwa majuma. Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 uliunguza sehemu kubwa ya katikati ya mji na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makao, jambo lililozidisha thamani ya kila paa lililobaki. Mwenye nyumba akajifunza orodha mpya: maji ya chupa, chandarua, karatasi, sabuni mpya isiyoguswa, taa ya akiba kwa usiku wa kukatika umeme, na makaa, ambayo sisi huku twayaita makala.

Ebola ilipofika Goma Julai 2019, ndoo yenye bomba na maji ya klorini iliwekwa kwenye milango ya ofisi, maduka na makanisa, na mwaka uliofuata korona ikaithibitisha mahali pake. Hivyo maji ya mlangoni, ambayo Mombasa yalikuwa adabu ya ibada, Goma yakawa kinga. Mwenyeji na mgeni walinawa ndoo moja, na hilo lilikuwa somo la usawa ambalo majumba ya zamani hayakulitoa.

Januari 2025 mji ulitekwa na M23. Uwanja wa ndege na mabenki vilifungwa, na wageni wengi wa mashirika waliondoka. Vyumba vilivyobaki vitupu viliwaumiza wenye nyumba, lakini viliwaumiza zaidi wafuaji, wasukuma chukudu na wanawake wenye bido za lita 20, ambao jina lao halimo katika mkataba wowote wa kupanga.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba dalali wa Mogadishu alinufaika na mgeni wake bila kupoteza heshima, na kwamba mwanakijiji wa njia ya gîte alitoa maji bure bila kuwa mkarimu. Kwa hiyo bei haitoshi kuwa kipimo. Kipimo ni hiari ya mwenyeji na haki ya yule afanyaye kazi. Nyumba ya Himbi inayomlipa mchota maji ujira halali iko karibu zaidi na desturi ya mwambao kuliko nyumba inayotoa sabuni ya manukato huku mfuaji akidai mshahara wa miezi mitatu.

Methali yetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu tunaisoma kama makaribisho tu. Historia tuliyoipitia inatutaka tuisome hadi neno la mwisho, kisha tuulize ni mwenyeji yupi anayepona: mwenye hati ya nyumba peke yake, au pamoja naye yule aliyepanda kutoka ziwani alfajiri na bido mgongoni? Wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada ya utafiti wasiende mbali. Waanze na orodha ya vitu vya chumba kimoja cha wageni, waulize kila kitu kilitoka wapi, kinaitwaje, na nani amekibeba.