Gesijoto za Mradi: Hesabu na Maneno Yake

Tathmini ya gesijoto za mradi ni hesabu ya gesi zinazoipasha dunia joto ambazo mradi wa maendeleo utazitoa, utazizuia au utazifyonza katika uhai wake wote, tangu ardhi inapofyekwa hadi mitambo inapong'olewa. Hufanywa kabla ya fedha kutolewa, na mara nyingi huwa sura mojawapo ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ambayo nchini Tanzania imo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), katika viwango vyake vya mwaka 2012, huitaka hesabu hiyo kwa mradi unaotarajiwa kutoa zaidi ya tani linganifu 25,000 za hewa ukaa kwa mwaka, kipimo kinachoelezwa hapa chini.

Neno gesijoto lina mshindani mwenye nguvu, hewa ukaa, ambalo magazeti na redio vimelizoesha masikioni kupitia biashara ya hewa ukaa. Hata hivyo hewa ukaa ni gesi moja tu, ile itokayo kwenye makaa, dizeli na kuni ziunguapo. Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 ilitaja gesi na makundi ya gesi sita, na mkutano wa Doha wa mwaka 2012 ukaongeza ya saba. Ripoti inayosema hewa ukaa ikikusudia zote humfanya msomaji asahau methani, ambayo tani yake moja, kwa kipindi cha miaka 100, hupasha joto takriban mara 28 ya tani ya hewa ukaa. Salfa heksafloridi, iliyomo ndani ya swichi kubwa za vituo vya umeme, hupita mara 23,000. Ili gesi hizi zijumlishwe, kila moja huzidishwa kwa nguvu yake, na jibu huandikwa kwa tani linganifu za hewa ukaa. Hapo ndipo mahali halali pa neno hilo: kipimo cha kulinganishia.

Nyaraka nyingi huandika uzalishaji wa gesijoto. Neno hilo linapotosha. Kinachozalishwa ni kile kilichokusudiwa: mahindi, saruji, umeme. Gesi itokayo kwenye bomba la moshi haikukusudiwa na yeyote, na kiwanda kikiambiwa kiongeze uzalishaji huku kikipunguza uzalishaji, meneja wake ana haki ya kuuliza upi. Utoaji ni neno lililo wazi zaidi.

Tathmini nalo limechaguliwa vizuri kuliko upimaji, kwa kuwa sehemu kubwa ya takwimu hizi haipimwi kwa chombo. Hukokotolewa: kiasi cha shughuli huzidishwa kwa kigezo cha utoaji. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, hivyo mkandarasi aliyechoma lita 100,000 ametoa tani 270 hivi. Stakabadhi za mafuta zikipotea, hesabu imepotea.

Penye utata zaidi ni hali rejea, yaani mambo yangekuwaje bila mradi. Bwawa la kufua umeme la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, halina moshi. Lakini saruji ya ukuta wake ilitoa hewa ukaa tanurini, na mimea iliyozamishwa tangu maji yaanze kujazwa Desemba 2022 huoza pasipo oksijeni na kutoa methani, hasa miaka ya mwanzo. Upande wa pili wa mizani kuna umeme wa gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay. Mkadiriaji akisema bila bwawa megawati zile 2,115 zote zingetoka kwenye gesi, faida ni kubwa mno. Akisema sehemu yake ingetoka kwenye jua na upepo, faida hupungua, ingawa bwawa ni lile lile. Kwa hiyo hali rejea inastahili kuandikwa waziwazi pamoja na sababu za kuichagua, tena mwanzoni mwa ripoti badala ya kufichwa kwenye viambatisho.

Limebaki neno athari, hasa linapoambatana na tabianchi. Neno tabianchi, lililotokana na tabia ya nchi ya vitabu vya jiografia, limekwisha kukubalika, lakini tathmini ya athari za tabianchi ni kauli yenye nyuso mbili. Huweza kuwa joto ambalo mradi unaliongezea dunia. Huweza pia kuwa ukame utakaopunguza maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, mito inayoulisha Rufiji, na kuiacha mitambo bila kazi. Ni maswali mawili, yenye wataalamu tofauti na data tofauti. La kwanza liandikwe athari za mradi kwa tabianchi, la pili athari za tabianchi kwa mradi, na kila moja lipewe sura yake.