Nani Aliyepiga Picha? Tatizo la Kutafsiri Maelezo ya Picha za Karne ya 19

Mfasiri wa vitabu vya historia hukutana mara kwa mara na picha za viongozi wa karne ya 19, na chini yake pameandikwa jina la mwenye studio. Maelezo hayo huonekana mepesi, hivyo huandikwa "Picha imepigwa na Fulani", kazi ikaendelea. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba tafsiri hiyo yaweza kumpotosha msomaji. Mfano wetu ni Mathew Brady wa Marekani.

Brady alifungua studio yake mjini New York mwaka 1844. Wakati huo picha ilitokea moja kwa moja juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, wala hapakuwa na hasi ya kutolea nakala. Kwa sababu hiyo, kitabu chake cha mwaka 1850 cha sura za Wamarekani mashuhuri hakikuwa na picha ya kamera hata moja. Msanii Francis D'Avignon alizifuata picha za studio, akazichora juu ya jiwe, ndipo zikapigwa chapa.

Tangu mwaka 1851 ilienea njia ya kutumia kioo chenye dawa mbichi. Kioo hicho ndicho kilichokuwa hasi, na kutokana nacho ziliweza kutolewa nakala nyingi za karatasi. Hata hivyo magazeti ya wakati huo hayakuwa na mtambo wa kuchapa picha zenyewe. Tarehe 27 Februari 1860, siku aliyohutubia Cooper Union, Abraham Lincoln alipigwa picha katika studio ya Brady. Gazeti la Harper's Weekly lilipoitoa sura hiyo mwaka huo huo, wasomaji walichokiona ni mchoro uliochongwa kwenye ubao.

Jambo la pili lahusu jina lenyewe. Brady alikuwa na macho dhaifu, na aliajiri mafundi. Alexander Gardner alisimamia studio ya Brady ya Washington kabla ya kufungua yake mwenyewe mwaka 1863. Kazi za mafundi zilitoka kwa jina la mwenye studio, kama vile kanzu inavyohesabiwa kuwa ya fundi mwenye duka japo imeshonwa na mwanafunzi wake.

Lugha yetu inayo maneno ya kutosha kutenganisha mambo haya. Ugumu ni kwamba kitenzi "kupiga" hubeba mengi: twapiga picha, na vilevile twapiga chapa. Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) "picha iliyopigwa na Gardner", pale tu mpigaji anapojulikana kwa hakika;

(b) "picha ya studio ya Brady", pale jina ni la mwenye studio;

(c) "mchoro uliotokana na picha ya studio ya Brady", pale kilicho mbele ya msomaji ni kazi ya mchoraji au mchonga mbao.

Twawafundisha wanafunzi kuichukua picha kama ushahidi wa historia. Shahidi huulizwa kwanza kama aliona mwenyewe au alisimuliwa. Mchoro wa gazeti umesimuliwa, na ni wajibu wa mfasiri kulisema hilo.