Kutoka au kubaki langoni: makipa wawili wa Uganda na uamuzi wa sekunde moja

Katika soka hakuna mchezaji anayehukumiwa haraka kama mlinda mlango. Mshambuliaji akikosa mabao matatu kisha akafunga la nne, huondoka uwanjani akishangiliwa. Kipa akiokoa mara nne na kukosea mara moja, hukumbukwa kwa kosa hilo. Hata hivyo, kazi yake kubwa haionekani katika kudaka, bali katika jambo linalotangulia: asimame wapi, na atoke lini?

Uganda ina mifano miwili ya karibuni inayolieleza vyema swali hilo. Yote ilitokea katika Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON.

Onyango dhidi ya Mané, 2019

Denis Onyango, mzaliwa wa Kampala aliyepitia klabu ya SC Villa ya jiji hilo, aliingia katika michuano ya 2019 nchini Misri akiwa tayari na sifa kubwa. Mwaka 2016 alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, na akatunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka huo miongoni mwa wanaocheza soka barani Afrika. Katika mwaka huohuo Uganda ilifuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1978.

Katika hatua ya 16 bora mjini Cairo, Senegal ilikuwa ikiongoza kwa bao 1-0 la Sadio Mané. Kipindi cha pili Mané alipenya tena. Onyango akatoka kumkabili, akamwangusha ndani ya eneo la hatari. Mwamuzi akaamuru penalti, lakini kipa hakutolewa nje. Mané akapiga, Onyango akaokoa. Uganda iliaga mashindano kwa bao hilo moja, ila ilibaki na wachezaji 11 na matumaini ya kusawazisha hadi kipenga cha mwisho.

Magoola dhidi ya Nigeria, 2025

Mfano wa pili ni wa Desemba 2025 nchini Morocco. Onyango, aliyestaafu kuichezea timu ya taifa mwaka 2021, alikuwa amerejea akiwa na umri wa miaka 40. Katika mechi ya mwisho ya makundi dhidi ya Nigeria aliumia, na nafasi yake ikachukuliwa na Salim Jamal Magoola wakati Uganda ikiwa nyuma kwa bao 1-0.

Dakika chache baada ya mapumziko, Magoola alitoka langoni kuwahi hatari, akaucheza mpira kwa mkono akiwa nje ya eneo lake. Alioneshwa kadi nyekundu. Ilibidi mchezaji wa ndani atolewe ili Nafian Alionzi aingie kuwa kipa wa tatu wa Uganda katika mechi moja. Nigeria ikaongeza mabao mawili na kushinda 3-1. Uganda ikamaliza mkiani mwa kundi kwa pointi moja.

Mstari unaotenganisha adhabu mbili

Makipa hao wawili walifanya uamuzi wa aina moja: kutoka. Tofauti ya adhabu ilitokana na mahali. Tangu 2016, sheria za soka zinampa kadi ya njano mchezaji anayezuia nafasi ya wazi ya bao ndani ya eneo lake la hatari kwa faulu aliyoifanya akijaribu kuucheza mpira, kwa kuwa penalti yenyewe ni adhabu tosha. Nje ya mita 16.5 za eneo hilo, kipa huwa kama mchezaji mwingine yeyote. Mkono wake ukizuia bao la wazi, adhabu ni kadi nyekundu.

Kwa nini basi atoke? Jibu ni hesabu ya pembe. Lango lina upana wa mita 7.32. Mshambuliaji akiwa mita 11 mbele ya katikati ya lango, kipa aliyebaki mstarini hulinda upana huo wote. Akisogea mbele mita nne, upana anaopaswa kuufunika hupungua hadi takriban mita 4.7. Lakini kila hatua ina gharama: nyuma yake hubaki uwazi wa mpira wa kuinuliwa, na muda wake wa kuliona shuti hupungua.

Kazi hii imezidi kuwa ngumu. Paul Ssali alipolinda lango la Uganda katika AFCON ya 1978, ambako timu ilifika fainali na kufungwa 2-0 na Ghana, kipa aliruhusiwa kuudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na beki wake. Mwaka 1992 jambo hilo lilipigwa marufuku. Leo mabeki husogea mbele, na kipa hutakiwa kulinda uwanda mpana nyuma yao kwa miguu yake.

Namna ya kuwapima kwa haki

Kulinganisha makipa kwa tukio moja ni kuwaonea. Magoola aliingia kutoka benchi, timu ikiwa nyuma. Onyango naye alitoa penalti kabla ya kuiokoa. Mtazamaji mwadilifu hujiuliza mambo matatu: Je, kipa alikuwa amesimama mahali sahihi kabla ya pasi kupigwa? Je, alikuwa na hakika ya kuuwahi mpira? Na je, kulikuwa na beki aliyeweza kufika, ili yeye abaki?

Maswali hayo yana uzito Kampala hivi sasa. Uganda, Kenya na Tanzania zimepewa uenyeji wa pamoja wa AFCON ya 2027, na Uganda inahitaji mrithi wa Onyango. Kupata kijana mwenye mikono mepesi si kazi ngumu. Kazi ni kumpata anayejua, mpira ukiwa bado mguuni mwa adui, kwamba safari hii ni heri abaki.