Ganzi na Uvumilivu

Neno ganzi halikuzaliwa hospitalini. Mtu akiukalia mguu kwa muda mrefu, husema umekufa ganzi. Matabibu walilichukua neno hilo wakalipa kazi mpya: kuondoa hisi katika sehemu moja ya mwili, hali mgonjwa yu macho na anazungumza.

Kabla ya hapo, mtu wa kupasuliwa alileweshwa au alivumilia. Mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Bunyoro, Uganda, mama akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe, baada ya kunyweshwa pombe ya ndizi. Habari hiyo aliichapisha mwaka 1884. Mwaka huohuo, mjini Vienna, daktari Carl Koller alionyesha kwamba jicho likidondoshewa kokeini huweza kupasuliwa bila maumivu. Lakini kokeini ni sumu, tena mtu akiizoea hushindwa kuiacha. Lidokeini, iliyo salama zaidi, ilibuniwa nchini Sweden na Nils Löfgren mwaka 1943, na ndiyo itumikayo mpaka leo kwa kushona majeraha na kung'oa meno.

Huku kwetu Bariadi dawa hii iliingia katika jambo kubwa zaidi. Wasukuma kwa mila hawakuwa na jando. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri tohara ya wanaume, baada ya utafiti wa Kisumu, Rakai na Afrika Kusini kuonyesha kuwa humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Serikali ikaanza kampeni katika mikoa ambako tohara ilikuwa haba, Simiyu ikiwa mmojawapo tangu ulipoundwa mwaka 2012. Wakajitokeza vijana, na hata wanaume wenye wake na watoto.

Kazi ya ganzi ni hesabu. Lidokeini ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Kipimo kisizidi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Basi mtu wa kilo 60 hapewi zaidi ya mililita 18. Sindano huchomwa penye shina, ili mishipa ya fahamu isipeleke habari za maumivu ubongoni. Adrenalini haichanganywi, kwani hubana mishipa ya damu. Kisha husubiriwa dakika kadhaa, na tabibu hujaribu kwa kubana ngozi kabla ya kukata. Kipimo kikizidi, masikio huvuma, na degedege huweza kufuata.

Kwa jirani zetu Wakurya wa Mara, kijana kwa mila hutahiriwa pasipo ganzi, naye akilia ni aibu kwa ukoo. Kwao maumivu ndiyo mtihani wenyewe. Kumtia ganzi ni kama kumpa mwanafunzi majibu. Msukuma hakuwa na mtihani huo. Utu uzima wake ulipimwa shambani na machungani, kwa hiyo ganzi haikumpunguzia heshima yoyote.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, lakini hawakusema kila uvumilivu una mbivu zake. Kijana wa Kikurya anayekubali kisu ana anachokipata kwa watu wake. Mkulima anayeshonwa mguu uliokatwa na jembe, bila ganzi kwa sababu dawa imekwisha, hapati chochote. Huyo hajafaulu mtihani. Ameteswa tu, na hatuna haki ya kumsifu kwa ujasiri badala ya kumpatia dawa.