Tarehe ya Stroberi Kubwa na Aliyeileta

Wapo wanaodai kuwa mwanzilishi wa stroberi kubwa za leo ni Duchesne wa Versailles. Sivyo. Heshima hiyo ni ya Amédée-François Frézier, mhandisi wa ngome wa Mfalme Louis wa Kumi na Nne.

Na wazee wa ukoo wake walisimulia kwamba mwaka 916 babu yao, Julius de Berry, alimkirimu mfalme wa zama hizo kwa sahani ya stroberi. Mfalme akafurahi, akamtunuku jina la tunda lenyewe kwa Kifaransa, fraise, likageuka kizazi kwa kizazi hadi kuwa Frézier. Aliyezaliwa na jina hilo angeliachaje tunda hilo!

Mwaka 1712 Frézier alitumwa kuzipeleleza ngome za Wahispania, akajifanya mfanyabiashara. Huko Concepción, Chile, akakuta stroberi nyeupe yenye wekundu, nyingine kubwa kama yai la kuku, ambayo Wamapuche waliilima tangu kale. Akabeba miche. Njiani maji yakawa adimu, na mwenye amri juu ya maji alikuwa Roux de Valbonne, msimamizi wa shehena. Mwaka 1714 ilifika Marseille miche mitano tu, na miwili akapewa huyo bwana wa maji. Wanaomlaumu Frézier kwa kupeleka mche mmoja tu kwenye bustani ya mfalme hawajapata kuwa na kiu baharini.

Miche ile ikatoa maua, lakini haikuzaa. Yote ilikuwa majike, kwa kuwa Frézier alichagua yenye matunda makubwa. Baadaye wakulima wa Plougastel, Ufaransa, ng'ambo ya maji kutoka Brest, wakaipanda kando ya stroberi ya Virginia, ndogo lakini yenye chavua, na ile ya Chile ikazaa. Zote mbili zina kromosomu 56, ndiyo maana chotara wao nao huzaa. Stroberi mwitu ya Ulaya ina 14 tu.

Kazi ya Duchesne ilikuja baadaye: aliandika kitabu mwaka 1766, akaeleza kuwa stroberi yenye harufu ya nanasi ni chotara wa ile ya Chile na ile ya Virginia.

Mwaka 1821 Michael Keens wa Isleworth, Uingereza, akatoa aina iitwayo Keens' Seedling, babu wa aina nyingi. Kisha California: Royce Bringhurst akachanganya damu ya stroberi mwitu ya milima ya Utah, isiyongoja mchana kurefuka wala kupungua ili itoe maua. Katika mbari hiyo imo Albion, ya Douglas Shaw na Kirk Larson: tunda refu lililochongoka, gumu kiasi cha kustahimili safari, tamu. Mzazi wake mmoja ni aina iitwayo Diamante.