Risasi ya Pwani Ni Mtoto wa Maji ya Chumvi

Mto Ruchugi huteremka kutoka nyanda za juu za Kasulu, na kabla haujaingia Malagarasi hupita Uvinza, mkoani Kigoma, penye chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1967 Andrew Roberts na John Sutton walichimba hapo kutafuta mabaki ya kale, na kazi yao ikaonyesha kuwa watu wamepika chumvi Uvinza kwa karibu miaka 1500. Chumvi hiyo ilipanda hadi Buha, nchi yenye Kumsenga, Kibondo na Kasulu, ikavuka mpaka Burundi. Tumezoea kuisimulia habari hii kama habari ya chungu, kuni na biashara. Mimi naiona pia kuwa ufunguo wa fumbo lililo mbali sana na Kigoma: fedha, risasi, zinki na bariti zilizomo ardhini nyuma ya Mombasa na Kilifi zilitoka wapi? Jibu langu ni kwamba zililetwa na maji ya aina hiyo hiyo, maji mazito kwa chumvi yaliyopanda kutoka chini kwa kufuata nyufa za miamba, na kwamba moto wa volkano haukuwa mzazi wake.

Tuanze na miamba yenyewe. P. V. Caswell alieleza jiolojia ya pwani ya Kenya katika ripoti mbili, ya Mombasa na Kwale mwaka 1953 na ya Kilifi na Mazeras mwaka 1956. Anayetoka baharini kwenda bara hukanyaga matumbawe, kisha udongo wa mfinyanzi uliogeuka mwamba, kisha mawe ya chokaa ya Kambe, halafu mawe ya mchanga ya Mazeras. Mchanga wa Mazeras ulitandazwa na mito wakati Afrika na Madagaska zilikuwa bado bara moja. Chokaa ya Kambe ni ushahidi wa bahari iliyoingia katika zama za Jurasiki, ardhi ilipoanza kuachana. Palipoachana pakabaki mipasuko mirefu inayofuata mkondo wa pwani. Madini yenyewe, Kinangoni upande wa kusini na Vitengeni upande wa kaskazini, yamo katika ukanda huo wa mipasuko. Kama yangetawanyika ovyo tungeweza kusema ni bahati ya ardhi. Yakijipanga kando ya nyufa, sharti tuulize kilichopita ndani ya nyufa hizo.

Lililopita ni maji, na shahidi wake mkubwa ni bariti. Wachimbaji wa risasi mara nyingi waliitupa kama takataka, kumbe ndiyo inayosema zaidi. Ukiokota kipande chake utadhani ni chokaa au gwaru nyeupe, mpaka mkono ushituke kwa uzito: bariti ina uzito mara nne na nusu ya maji. Imeundwa na bari pamoja na salfeti, na viwili hivi havisafiri ndani ya maji mamoja. Mwalimu wa kemia akimimina myeyusho wa bari ndani ya myeyusho wa salfeti, vimiminika viwili vilivyokuwa angavu kama maji ya mvua hugeuka papo hapo kuwa kama maziwa, na unga mweupe ukatua chini ya chupa. Unga huo ndio bariti. Kwa hiyo kila mshipa wa bariti ni mahali yalipokutana maji ya aina mbili: mamoja yalipanda kutoka chini yakiwa yamebeba bari, mengine yalikuwa na salfeti, kama ilivyo kwa maji ya bahari. Joto la volkano peke yake halielezi ndoa hiyo. Bahari iliyoingia juu ya mchanga wa mito inaieleza vizuri.

Risasi na zinki zina kisa kinachofanana. Maji matamu hayawezi kuzibeba kwa wingi, lakini chumvi huzishika na kuzifanya zisafiri. Mwaka 1962, karibu na ziwa Salton huko California, kisima kilichochimbwa kutafuta mvuke kilitoa maji ya chumvi kali, na mabomba yake yakaganda ukoko wenye shaba na fedha ndani ya miezi michache. Miaka hiyo hiyo watafiti waligundua, kwenye kina cha mita 2000 hivi chini ya Bahari ya Shamu, madimbwi ya maji moto ya chumvi yaliyotandika tope la zinki, shaba na fedha. Na Bahari ya Shamu leo iko katika hali iliyokuwa nayo pwani yetu zama za Jurasiki: mabara mawili yanaachana, bahari changa inaingia.

Chumvi yenyewe ilitoka wapi upande wetu? Bonde la Mandawa, mkoani Lindi, kusini zaidi kwenye pwani hii hii, lina tabaka nene la chumvi lililozikwa pamoja na jasi, alama ya bahari changa iliyokauka na kujaa tena mara nyingi. Metali nazo hazihitaji asili ya ajabu. Mchanga wa Mazeras umejaa feldispa, na feldispa ya potasi huficha chembechembe za risasi na bari ndani yake. Maji ya chumvi yenye joto yakipenya mchanga huo kwa muda mrefu huzichukua. Yakifika penye ufa, yakakuta salfa, yanazitua: risasi inakuwa galena ya vipande vya pembe mraba vinavyong'aa, na fedha hujificha humo humo.

Pingamizi lenye nguvu ni la Mrima na Jombo. Vilima hivyo vya Kwale vilitokana na moto wa chini ya ardhi, na Mrima ina niobi, metali adimu na hata bariti. Kwa nini basi moto huo usiwe baba wa madini yote ya pwani? Kwanza ni umbali: kutoka Mrima hadi Vitengeni ni zaidi ya kilomita 100. Pili ni aina ya mzigo, kwa sababu niobi na metali adimu ndizo saini ya Mrima, ilhali saini ya Vitengeni ni risasi, zinki na bariti. Nakubali kwamba joto la vilima hivyo lingeweza kuyasukuma maji yatembee. Lakini anayechochea jiko si lazima awe ndiye aliyeleta unga.

Wengine watanikumbusha Mpanda, kwa jirani zetu wa Tanzania. Mgodi wa Mukwamba ulitoa risasi na fedha mbali kabisa na bahari, na kwa ajili yake reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua ilifunguliwa mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Ni kweli, risasi haidai pwani. Ila Mukwamba iko katika miamba mikongwe mno, na ilitoa dhahabu na shaba pia, mzigo wa maji ya moto zaidi. Ni ukoo mwingine wa madini, na kuuchanganya na wa Kinangoni ni kumpeleka mtafutaji mahali pasipo.

Swali gumu zaidi linatoka Uvinza kwenyewe: maji ya chumvi yapo, nyufa zipo, mbona hakuna mgodi wa risasi? Chumvi ni mbebaji tu. Inahitaji mchanga wenye cha kubebwa, joto la kutosha, na salfa ya kuushusha mzigo njiani. Pakikosekana kimoja, maji hufika juu na chumvi yake tu, na mpishi wa chumvi hushukuru. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, hali ni tofauti. Katika miaka ya 1980 watafiti walioongozwa na Jean-Jacques Tiercelin walizamia ziwa hilo, wakakuta maji moto yakibubujika kwenye nyufa za sakafu ya ziwa. Huko Pemba, jina moja na kisiwa lakini mahali pengine kabisa, maji hayo yalikuwa yakigandisha sulfidi za chuma kwenye mwamba. Zilizoganda huko bado si fedha wala risasi, lakini kazi ni ile ile iliyofanyika Vitengeni, na inaendelea sasa hivi chini ya mitumbwi ya wavuvi wa dagaa.