Mwaka wa Majivu: Chakula Kilivyofika Madina



Ndugu wasomaji, mafuriko yanapokata barabara, unga na maharage huweza kungoja. Nyama na maziwa havingoji. Jee, Waislamu wa mwanzo walifanya nini walipopatwa na janga, na chakula kiko mbali? Tuurudie mwaka 18 Hijria (639), zama za Ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.).

Mwaka huo mvua ilikatika Hijazi kwa muda wa miezi tisa hivi. Upepo ulipeperusha vumbi mfano wa majivu, ndiyo maana ukaitwa Aamur-Ramaadah, yaani Mwaka wa Majivu. Mabedui waliishi kwa maziwa na nyama ya mifugo yao. Malisho yalipokufa, wanyama wakakonda na maziwa yakakauka. Watu wakamiminika Madina kwa maelfu, wakapiga kambi pembezoni mwa mji.

Sayyidna Umar aliwaandikia magavana wake kuomba msaada. Inasimuliwa kuwa Abu Ubayda bin Al-Jarrah (r.a.) alifika kutoka Sham na ngamia 4,000 waliobeba chakula.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Nyama haikuchinjwa Sham ikaletwa Hijazi, kwani ingelioza njiani. Ilikuja kwa miguu yake, ikiwa hai, na imebeba unga mgongoni. Inasimuliwa pia kuwa Umar aliagiza familia za jangwani zipewe ngamia pamoja na mzigo wake, na zielekezwe la kufanya: wamchinje, wayeyushe mafuta yake, nyama waikaushe, ngozi waitengenezee viatu, na magunia wayavae. Kisha wachukue nyama kavu kidogo, mafuta kidogo na konzi ya unga, wapike wale, mpaka Allah awaletee riziki nyengine. Kwa hiyo ngamia mmoja hakuliwa siku moja; alikuwa akiba.

Madina kwenyewe ngamia walichinjwa na kupikwa kila siku, ikaliwa ingali mbichi, na Umar akaamrisha walaji wahesabiwe ili ijulikane wangapi wanahitaji kulishwa.

Na yeye je? Aliapa kutoonja samli, maziwa wala nyama mpaka watu wapate. Alikula mkate kwa mafuta ya zaituni hata rangi ya ngozi yake ikabadilika. Siku moja samli na maziwa vilionekana sokoni, mtumishi wake akamnunulia kwa dirham 40. Umar akaona bei imezidi, akaamrisha vyote vitolewe sadaka. Kiongozi aliyeshiba angejuaje shida ya wenye njaa?

Mvua ilirudi baada ya Swala na dua ya kuomba mvua, lakini Umar hakusahau. Misri ilipokuwa mikononi mwa Waislamu, alimwamrisha Amr bin Al-Aas (r.a.) aufukue upya mfereji wa kale uliounganisha mto Nile na Bahari ya Sham. Nafaka ya Misri ikapita mferejini hadi Qulzum, karibu na Suez ya leo, kisha kwa majahazi hadi bandari ya Al-Jar, na kutoka hapo Madina. Tangu hapo mji haukutegemea njia ya nchi kavu peke yake. Njia hiyo ilitumika zaidi ya miaka mia moja.

Ndugu zangu, mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda yakaingia Gatumba, nchini Burundi, na watu wengi wakahama makwao. Majanga hayako mbali nasi. Wazee wetu wa ziwani walikausha dagaa kwa jua kabla ya kuwepo friji, na friji ni ya kwanza kunyamaza umeme unapokatika. Basi wanafunzi, waulizeni bibi zenu namna ya kukausha nyama na samaki, na kuchemsha samli ikakaa. Na kila nyumba iwe na akiba inayokaa, na ijue jirani gani hana.

Allah atukinge na njaa, na atujaalie kuwa wenye kujiandaa na wenye kugawana. Amin.

Wabillahi tawfiq.